Fundi wa kwato hatokei, au katokea halafu punda anachechemea: tatizo liko wapi

Hii nawaandikia wenye punda wa mkokoteni na wa kubeba, wale wa maji, mchanga, matofali, kuni na magunia ya mpunga, huku mkoani Mwanza, kuanzia Buhongwa, Kisesa na Usagara mpaka huko Misungwi, Kwimba na Magu. Wenye farasi huku kwetu ni wachache sana, na wao nimewawekea maneno yao chini, ila mengi yanafanana maana ni wanyama wa ukoo mmoja na fundi anayewashika mara nyingi ni yule yule.

Malalamiko ya fundi wa kwato yanakujaga yamechanganyika. Mtu anakwambia yule jamaa msumbufu, ukimuuliza amefanyaje unakuta kuna mambo mawili humo ndani ambayo hata hayahusiani. Moja ni ratiba, yani hapokei simu, anaruka miadi, bei inapanda akiwa ameshafika. La pili ni mkono, anakata vibaya. Ukiyachanganya utamfukuza fundi mzuri kisa alichelewa wiki mbili, halafu utamng'ang'ania mbovu kisa ukimpigia anafika na boda chap. Msimamo wangu mimi ni kwamba mchelewaji anatibika, mkono mbaya hautibiki kirahisi, kwahiyo kila dalili hapa chini jiulize kwanza iko upande gani.

Kingine kabla hatujaanza kumlaumu mtu. Ukwato unaota muda wote kama kucha, milimita 6 mpaka 10 hivi kwa mwezi, na punda wa kawaida anahitaji kukatwa kila wiki 6 mpaka 10 kutegemea anakanyaga nini. Anayeshinda kwenye lami na mawe ya mjini anajisaga mwenyewe ila hajisagi sawa, upande mmoja unaisha mwingine unabaki. Yule wa mbuga, udongo mweusi, mvua zikishika hajisagi kabisa. Sasa kama wewe humwiti mtu mpaka uone ncha imepinda juu, hapo usiseme una fundi mbovu, fundi huna, una mtu wa dharura, na mtu wa dharura anakujaga akipata nafasi.

ANASEMA "NIKO NJIANI" NA HATOKEI

Hii ndo inayoongoza, na ina sababu kama tano, kila moja ina dawa yake, kwahiyo usikimbilie kutukana.

Sababu kubwa kuliko zote ni kwamba kukata kwato siyo kazi yake ya kumlisha. Hebu angalia mafundi tulionao, huyu ana boda, huyu ana shamba la mpunga, huyu anahasi madume na kukata pembe mnadani, huyu ana nafasi kwenye mtumbwi wa dagaa. Kwato ni kibarua cha pembeni. Kama fundi wako anakaa Igombe, Kayenze au mwalo wowote na anavua dagaa, jua kabisa ratiba yake inapangwa na mwezi wa angani, wala simu yako haina nguvu hapo. Usiku wa giza wako majini na taa, mchana wamelala au wanaanika, mbalamwezi ikikolea ndo wanapumzika na kushona nyavu. Ukimpigia wakati wa giza atakwambia nakuja kesho kwa adabu tu, na kesho haji. Dawa yake ni rahisi mno, panga miadi wakati wa mwezi mpevu. Kutoka mwezi mpevu mmoja mpaka ule wa baada ya unaofuata ni kama wiki 8 na siku 3, ambayo inakaa vizuri kabisa ndani ya zile wiki 6 mpaka 10, yani ruka mbalamwezi moja, mwite kwenye inayofuata. Wa mpunga naye vivyo hivyo, mvua za kwanza zikidondoka usimtegemee, wakati wa kuvuna usimtegemee, mwite kabla hajazama shambani.

Sababu ya pili, punda mmoja hamlipi. Mtu atoke Nyanguge mpaka kwako Kisesa kwa ajili ya miguu minne, nauli ya kwenda, ya kurudi, chai, amebaki na nini? Akipata njiani mtu mwenye punda watano anashukia huko. Muulize wazi, "fundi, ukikuta punda wangapi safari inakulipa?" Atakutajia namba. Halafu zunguka mtaani ufikishe hiyo namba, mkusanye wanyama sehemu moja penye kivuli, siku moja, hela ziwe tayari kwa mtu mmoja. Wanaofanya hivi huwasikii kabisa wakilia habari za fundi kutotokea.

Tatu, anamuogopa mnyama wako. Dalili yake anakuja kwa jirani kwako anapita, au kwenye simu anauliza "yule jike mkubwa yupo?" Hakuambii kwamba anaogopa maana ni aibu, anakwambia ana homa. Hii nimeiwekea sehemu yake huko chini.

Nne, unadaiwa. Usicheke. Ulimlipa nusu mara ya mwisho ukamwambia nitakutumia kwenye simu, wewe umesahau yeye hajasahau. Kabla hujamuita tapeli, fungua meseji zako za miamala uangalie.

Tano ndo msumbufu kweli. Utamjua kwa kuwauliza wengine, hasa wale wanaolipa taslimu, wenye punda wapole, waliojikusanya. Kama hata hao anawaruka basi hana dawa, na usipoteze miezi ukimbembeleza maana mguu wa punda haumsubiri.

Zamani wale wa upande wa Sengerema walikuwa na kisingizio cha dhahabu, kivuko cha Kigongo kilijaa, kivuko kimechelewa, niko kwenye foleni hapa Busisi. Tangu daraja lifunguliwe mwaka 2025 hicho kimekufa na bado kuna watu wanakitumia, sijui wanaongea na nani.

Jambo moja kuhusu kukumbusha. Usipige simu siku ile ile asubuhi, hapo ameshapanga mambo yake. Tuma ujumbe siku tatu kabla, kisha jioni ya kuamkia siku yenyewe, na uweke idadi ya punda na sehemu, mfano "Mwangaluka fundi, kesho saa 2 asubuhi pale kwenye mwembe, punda 6, hela ipo." Hayo maneno mawili ya mwisho yanafanya kazi kuliko simu kumi.

ANAFIKA, ILA KAZI INA HARAKA AU ANA VIFAA VYA AJABU

Sasa tumehamia upande wa mkono na hapa ndo uwe mkali.

Akifika na panga, msumeno wa mbao au patasi na nyundo peke yake, mpe maji ya kunywa na umuage. Vifaa vya kwato havihitaji kuwa vya gharama, ila lazima kuwe na koleo la kukatia lenye makali, kisu kidogo chenye ncha iliyojikunja cha kusafishia unyayo, na tupa kubwa ya kusawazishia. Panga linakata kwa kupiga, na ukwato ukipigwa unapasuka kwenda juu, unaweza usione leo ukaona baada ya mwezi mpasuko umefika nusu.

Halafu mwangalie anaanzaje. Fundi anayejua kazi hashiki mguu kwanza, anakwambia mtembeze, anaangalia anavyokanyaga, anaangalia amesimamaje, ndo anainama. Anasafisha unyayo, anatoa matope na mawe, ananusa, anabonyeza. Kukata kunakuja baada ya hapo. Akimaliza anamsimamisha sehemu tambarare, anaangalia, anamtembeza tena. Miguu yote minne kwa punda mtulivu ni nusu saa kwenda mbele, wa dakika kumi ameruka kitu.

Ukaguzi wako kabla hujatoa hela, na hapa chukua muda wako wala usione aibu, hela ni yako na mguu ni wa mnyama wako:

Kaa mbele yake uchuchumae. Ukwato wa kushoto na wa kulia viwe kama ndugu, na ule mstari ambapo nywele zinaishia uwe sawa, usilalie upande mmoja. Ukilala upande mmoja maana yake amekata ndani zaidi au nje zaidi na punda atakanyaga kwa kuegemea.

Nenda ubavuni. Mstari wa mbele wa ukwato ufuate mstari wa mfupa uliopo juu yake, usivunjike katikati. Hapa kuna kosa linafanywa sana na watu waliojifunza kwa farasi au kwa picha za farasi, punda ukwato wake umesimama zaidi kuliko wa farasi, kisigino chake ni kirefu kwa asili. Fundi akishusha kisigino ili ukwato ulale uwe "mzuri" anamvuta mishipa ya nyuma ya mguu. Kama punda wako alikuwa mzima na baada ya kukatwa amekuwa kama amevaa kandambili, ndo hiyo.

Inua mguu, bonyeza unyayo kwa dole gumba kwa nguvu zako zote. Usibonyee. Ukibonyea hata kidogo amekula unyayo kupita kiasi, na huyo punda kesho kwenye kokoto atalia ndani kwa ndani. Ukiona rangi ya waridi au tone la damu amefika kwenye nyama hai. Ile pembetatu laini ya katikati anatakiwa kutoa vipande vilivyoning'inia na sehemu iliyooza tu, ile ndo inamsaidia kupokea uzito, wapo mafundi wanaichonga mpaka iwe nyeupe wakidhani ni usafi.

Angalia na nje. Kuna ujanja wa kupiga tupa ukuta wote wa ukwato kuanzia chini mpaka kwenye nywele, unang'aa vizuri na wateja wanapenda, kumbe ukuta umekuwa mwembamba. Tupa kwa nje iishie sehemu ya chini kule, theluthi moja hivi, kuondoa kile kilichopanuka.

Piga picha. Kabla na baada, kila mguu, mbele na ubavuni, simu ikiwa chini kabisa usawa wa ardhi na punda akiwa amesimama pagumu. Picha ya kutoka juu haina maana, inadanganya pembe. Hizi picha zina faida mbili, wewe unaona mabadiliko miezi ikienda, na fundi akijua unapiga picha anatulia.

PUNDA AMEANZA KUCHECHEMEA BAADA YA FUNDI KUONDOKA

Hapa ndo ugomvi mwingi unapozaliwa na hapa ndo muda unakupa jibu, kwahiyo swali la kwanza ni ameanza lini.

Ameanza siku ile ile au kesho yake, miguu miwili au yote, anakanyaga kwa woga hasa kwenye mawe, kwenye mchanga anatembea freshi. Hiyo ni amekatwa sana, unyayo umebaki mwembamba. Mpumzishe, mweke sehemu laini na kavu, usimfunge kwenye mkokoteni, siku chache mpaka wiki mbili anarudi. Mwambie fundi, muoneshe picha. Akisema "pole bosi, nitapunguza safari ijayo" mpe nafasi nyingine. Akisema punda wako ni mvivu, umeshapata jibu lako.

Ameanza baada ya siku kadhaa, mguu mmoja, ghafla, tena vibaya kiasi cha kutokanyaga kabisa, ukishika ukwato ni wa moto kuliko mingine, na ukiweka vidole nyuma ya kifundo juu ya ukwato unasikia mshipa unapiga kwa nguvu. Hilo mara nyingi ni jipu ndani ya ukwato. Linaweza kutokana na fundi kama alifika kwenye nyama hai uchafu ukaingia, lakini linaweza kutokana na changarawe iliyopanda kwenye mstari mweupe pembeni ya unyayo, au msumari, na Mwanza hii ya ujenzi kila kona misumari imejaa barabarani. Usimhukumu fundi kabla mguu haujafunguliwa. Daktari wa mifugo au fundi mzoefu anatafuta njia ya usaha ndogo tu, usaha ukitoka punda anapata nafuu ndani ya saa chache mpaka siku moja hivi. Wewe nyumbani unaweza kuloweka mguu kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, ufunge kwa kitambaa safi na juu yake kipande cha gunia au mpira wa ndani wa tairi kuzuia tope. Usichimbe mwenyewe na kisu cha jikoni.

Ukikuta msumari umo bado, kabla ya kuuvuta piga picha uonekane umeingia wapi na umeelekea wapi, mpigie daktari umuulize kwanza, maana msumari uliopita katikati ya ile pembetatu unaweza kuwa umefika kwenye kiungo na hiyo ni kesi nyingine kabisa. Na tundu lolote kwenye ukwato, hata dogo, uliza habari za sindano ya pepopunda. Punda na farasi wanapata pepopunda kirahisi kuliko mifugo yetu mingine, na ikishaanza kumkakamaza mara nyingi unampoteza.

Miguu ya mbele yote miwili, ameegemea nyuma kama anakataa kwenda mbele, kugeuka hataki, analala sana, kwato za moto. Hapa fundi mwache kabisa, nenda kaangalie alikula nini. Hii inaletwa sana na chakula, punda amevunja akaingia kwenye mashine ya kusaga akala pumba na mahindi, au mwenye punda anamjazia pumba kila siku akidhani anamtunza na mnyama amenenepa shingo imekuwa ngumu. Tishu zinazoshikilia mfupa ndani ya ukwato zinavimba na ukichelewa mfupa unashuka. Ni dharura ya daktari siku ile ile. Toa pumba, mpe majani makavu na maji, usimnyime chakula kabisa maana punda akikaa na njaa, hasa mnene, mafuta yanamwagika kwenye damu anakufa kwa ugonjwa mwingine. Usimtembeze eti "azoee".

Ameanza taratibu baada ya wiki kadhaa, hapo chunguza zaidi ya mguu. Inaweza kuwa fundi amemwacha akilalia upande. Inaweza pia kuwa tairi moja la mkokoteni halina upepo, kidonda cha bega, au umemvisha nira ya ng'ombe. Punda anavuta kwa kifua, nira ya shingoni ni ya ng'ombe mwenye nundu, ukimvisha punda inamchubua na anaanza kutembea upande upande, halafu tunasema fundi kaharibu mguu.

Na kumbuka punda anaficha maumivu. Ng'ombe ataonesha, mbuzi atapiga kelele, punda atasimama kimya na mguu umeoza. Ukishaona kwa macho yako kwamba anachechemea, ujue lilianza zamani.

KWATO ZINANUKA, ZINAMEGUKA, KILA MARA FUNDI AKIJA ANATOA UOZO ULE ULE

Fundi hana kosa hapa. Boma lako ndo lina kosa. Punda ni mnyama wa nchi kavu, ukwato wake unanyonya maji kuliko wa farasi, ukimfunga usiku kucha kwenye tope na mkojo, au pale anapochotea maji ziwani ukamuacha amesimama kwenye matope saa nzima, unalainika na vijidudu vinaingia. Inua sehemu ya kulala kwa changarawe na mchanga, maji yatiririke yaondoke, safisha unyayo kila jioni kwa kijiti kisicho na ncha kali. Masika ikiisha utashangaa fundi "amejua kazi".

PUNDA ANAMPIGA FUNDI

Tunataka fundi aje afundishe punda adabu na akate kwato kwa bei ile ile. Hiyo si haki. Kuinua miguu ni kazi yako wewe na watoto wa nyumbani, kila siku kidogo, unapapasa kuanzia begani kushuka chini, unainua sekunde chache unaachia yeye akiwa ametulia, usiachie akiwa anavuta maana atajifunza kwamba kuvuta kunalipa. Usiinue juu sana wala kuvuta nje, punda ni mwembamba, mguu wake ushike chini karibu na ardhi na chini ya mwili wake. Mzee mwenye maungo magumu hawezi kukunja sana, anapigana kwa sababu anaumia.

Mlete na mwenzake. Punda akiona rafiki yake kafungwa pembeni anatulia, ukimtenga anachanganyikiwa. Fundi anayekuja na wazo la kumkunja masikio, kumuangusha kwa kamba au kumpiga fimbo ili akae, huyo anahesabika kwenye mkono mbaya hata kama anakata vizuri, maana safari ijayo punda hatakubali mtu yeyote amsogelee. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 ipo na mwenye punda ni wewe, usiseme ni fundi.

BEI INABADILIKA AKISHAFIKA

Bei ya simu ilikuwa moja, akifika inakuwa nyingine kwa sababu "kwato ni ngumu". Wakati mwingine kweli ni ngumu. Mwisho wa kiangazi ukwato unakuwa kama jiwe na koleo linagoma, kazi inakuwa mara mbili. Hili unalimaliza kwa kumtumia picha kabla na kukubaliana bei kwa punda, siyo kwa safari. Siku ya kukata kwato ngumu, mlowanishe miguu asubuhi mapema, mpitishe kwenye maji, atakushukuru.

Advansi mimi siipingi kabisa, nauli mpe. Hela ya kazi mpe ukishakagua. Anayetaka yote mbele na hana jina mtaani, mwache.

KILA FUNDI MPYA ANASEMA WA KABLA ALIHARIBU

Ni salamu ya mafundi wote duniani, wa umeme, wa cherehani, wa kwato. Usibishane, muulize tu "wewe utafanyaje, na kwa safari ngapi?" Mwenye akili atakwambia kwato zilizoachwa zikapinda zinarudishwa polepole, anakata kidogo leo, anarudi wiki 4 mpaka 6, anakata tena, miezi. Ukwato mpya kutoka kwenye nywele mpaka kufika chini mbele unachukua karibu mwaka. Anayesema "leo leo nakunyooshea" ndo atakayekuachia punda hatembei.

KWA WENYE FARASI

Farasi mwenye viatu vya chuma hasubiri mbalamwezi ya pili, wiki 6 mpaka 8 lazima viondolewe, kwato zikatwe, virudishwe au vibadilishwe, kwa sababu ukwato unaota na kiatu hakioti. Fundi asipotokea kwa wakati sikiliza mlio kwenye sakafu, kiatu kilicholegea kinagonga tofauti. Kikilegea upande mmoja kitoe, nyoosha kwanza ncha za misumari zilizokunjwa nje ya ukuta ndo uvute moja moja, usikinyofoe chote kwa mkupuo utaondoka na ukuta. Akitoka kufungwa viatu na akagoma mguu mmoja siku ile ile, au unaupapasa ni wa moto, kuna msumari umepita karibu na nyama au ndani kabisa, mwite fundi autoe huo huo, na daktari ajue. Na kama farasi wako anatembea kwenye mchanga wa ufukweni na nyasi tu, muulize fundi kama anahitaji viatu kweli. Mpate mtu mzuri wa kukata, viatu uache, nusu ya matatizo yako na fundi yanaondoka maana wa kufunga viatu huku ni wa kutafuta kwa tochi.

NIMEAMUA KUBADILISHA

Anza na afisa mifugo wa kata, hata kama hakati mwenyewe anawajua wanaokata na anajua nani aliua punda wa nani. Ukiwa upande wa Misungwi kuna chuo cha mifugo Mabuki, waulizie vijana wanaotoka pale. Siku za mnada zunguka kwa wenye mikokoteni yenye punda wanaotembea vizuri, angalia kwato kwanza ndo uulize jina la fundi, usifanye kinyume.

Wakati unatafuta, jifunze kupiga tupa mwenyewe. Siyo kukata, kupiga tupa tu, kuviringisha kingo za ukuta zisimeguke, kidogo kila wiki 2 au 3. Muombe hata yule fundi mchelewaji akuoneshe, wengi wanakubali maana unampunguzia kazi. Hapo hata akichelewa mwezi punda haharibiki na wewe presha inashuka.

Mpya akija mpe punda mmoja kwanza, mtulivu kuliko wote, anayetembea vizuri. Subiri wiki mbili ukiangalia anavyokanyaga, linganisha picha, ndo umpe waliobaki. Na yule wa zamani mlipe chote anachokudai kabla hujampigia wa pili, kwa sababu mafundi wa kwato mkoa huu wanajuana wote, na usiku punda akikwama na waya mguuni utamhitaji yule yule.